Picha ya Dhoruba na Majina Niliyoyafuta

Vijana wangu wa karakana,

Mwezi uliopita niliwakabidhi ufunguo wa mlango wa mbele, pamoja na ule wa mlango wa nyuma ambao haufungi kitu tangu mlango wenyewe uliwe na mchwa. Mkaniomba niwaandikie machache niliyoyaona katika kazi yetu ya kutia picha fremu. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hivyo msitazamie maneno makubwa. Nitaandika kama nilivyofanya kazi, polepole, na mahali nilipokosea nitasema nilikosea. Pana mahali pamoja nilipokosea vibaya sana, na hapo ndipo nitakapokaa muda mrefu zaidi.

Baba yangu alitoka Ukambani na jembe moja na Biblia moja, akapata shamba Bongwe. Jembe lilitumika zaidi. Mimi mikono yangu haikupenda jembe, ilipenda vitu vidogo. Ndipo nikaenda Ukunda kwa Bwana Kassim, ambaye alikuwa na kibanda kando ya barabara ya Diani, kina harufu ya gundi na vumbi la mbao. Nilimwamkia, nikamwambia natafuta kazi. Alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Wewe ni Mkamba?"

"Ndiyo, Bwana."

"Wakamba ni wachongaji. Sasa ukianza kunichongea twiga kwenye kila fremu nitakufukuza."

Siku ile ya kwanza nilivunja vioo vitano. Kila kikivunjika, Bwana Kassim alisema "Alhamdulillahi" na kunipa kingine. Cha sita kilikatika sawasawa, mstari mmoja kama uzi, na nilisikia ule mlio mdogo wa kioo kinachokubali. Nyote mnaujua mlio huo. Niliruka kama mtoto. Bwana Kassim aliniambia, "Tulia, bado hujafa." Sikuelewa alikuwa na maana gani, na sikuwahi kumwuliza.

Jioni ya siku hiyo alinipa kanuni ya karakana. Wengi waliokuja kwetu walileta vitu vya aina mbili. Walileta aya za Kurani zilizoandikwa kwa wino mzuri, za kutundikwa sebuleni, na walileta picha za watu: arusi, mahafali, marehemu. Bwana Kassim alisema, "Maneno ya Mwenyezi Mungu nitayashika mimi, baada ya kutawadha. Wewe utashika wanadamu." Ilikuwa kanuni ya heshima na sote wawili tuliipenda. Alikuwa na meza yake upande wa kibla, nami nilikuwa na yangu karibu na mlango. Tulifanya kazi hivyo miaka ishirini na mitano. Kitu chochote chenye herufi za Kiarabu kikiingia, nilikiacha mezani kwake bila hata kukitazama, na nilijiona mtu mwenye adabu.

Kazi za kuchekesha zilikuwa nyingi. Mama mmoja wa Kwale alileta picha ya arusi yake, akataka nipange ile kadibodi ya pembeni imfunike bwana arusi, yeye abaki peke yake akitabasamu. Nikamwuliza, "Na huu mkono ulio begani kwako, Mama?" Akasema mkono nao uende. Mwingine alitoka Shimoni na taya la papa, akataka litiwe kwenye fremu ya dhahabu. Tulilitia. Karakana ilinuka juma zima na wateja walisimama nje, wakazungumza nasi kupitia dirishani.

Sasa nifike kwenye picha yenyewe.

Mnazikumbuka mvua za mwaka wa tisini na saba. Barabara zilikatika, kuta zililowa, na baada ya mvua watu walituletea picha zilizoota ukungu mpaka nyuso hazijulikani. Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, nilimzika mke wangu, Mbithe. Nilimzika Jumamosi, na Jumatatu nilikuwa mezani kwangu. Bwana Kassim aliniambia nikapumzike, nikamwambia nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi ngumu. Hakuniambia tena.

Miezi michache baadaye akaja mwalimu mmoja kijana kutoka Msambweni, jina lake Rukia. Alikuwa amebeba kitu kipana kilichofungwa kwa kanga mbili. Siku hiyo Bwana Kassim alikuwa mazikoni Shimoni, ambako alikaa siku nne, kwa hivyo nilipokea mimi.

"Fundi, hii ni ya babu yangu, Mzee Bakari. Alikuwa mpishi wa meli za ng'ambo. Amefariki."

Nikampa pole.

"Bibi yuko edani," akasema. "Anataka siku atakayotoka aikute imesafishwa, iko ukutani. Zimebaki wiki tatu."

Nyinyi mliokulia Bongwe kama mimi huenda hamlijui jambo hili sawasawa. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki kwenda kutembea, hajipambi, na mwanamume asiye ndugu yake haonani naye. Kwa hivyo yule bibi, Bi Mwanaidi, hakuweza kuja kuniambia mwenyewe alitaka nini.

Rukia alipoondoka nilifungua kanga. Kioo kilikuwa cheusi kwa masizi na ukungu. Nilikitoa, nikatoa ubao wa nyuma, nikaiweka karatasi mezani, na hapo nikasahau kwamba nilikuwa sijala.

Ilikuwa picha iliyochapwa Ulaya zamani sana. Chini palikuwa na maneno ya kigeni, na mwaka ulioanza na elfu moja mia nane. Tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimeliwa na wadudu. Mistari ilichapwa kwa wino mweusi, lakini rangi zilitiwa kwa mkono, moja moja, kwa brashi nyembamba. Ilikuwa ni merikebu katikati ya dhoruba. Sasa, mimi nimeona picha nyingi za dhoruba katika mahoteli ya Diani, na zote hutaka uogope. Hii ilitaka ucheke! Merikebu imelala ubavu, na abiria wote wanateleza juu ya sitaha kama embe zilizomwagika. Mtu mnene amekumbatia pipa kama mkewe. Mwingine anatapika ndani ya kofia ya mwenzake, na mwenzake hajajua bado. Nahodha ameshika darubini nyuma mbele. Mpishi anakimbiza chungu chake cha mchuzi. Mwanamke ameshikilia kofia kwa mikono miwili na amesahau kushikilia mtoto. Mtu wa dini amefungua kitabu chake juu chini. Na juu yao wote limesimama wimbi moja kubwa, la bluu, limeinama kama mtu anayechungulia sufuria ajue kumepikwa nini.

Nilicheka peke yangu mle karakanani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Februari, na kicheko chenyewe kilinishtua. Wale watu walikuwa karibu kufa, kila mmoja wao, na aliyewachora aliwapenda vya kutosha kuwacheka.

Nikaanza kazi. Karatasi ya zamani huisafishi kwa maji, hasa ikiwa rangi zake ni za maji. Bwana Kassim alinifundisha kutumia boflo la jana. Unatoa ule moyo mweupe, unaufinyanga kuwa kidonge, na unaviringisha taratibu juu ya karatasi. Uchafu unapanda kwenye mkate. Nilitumia maboflo mawili siku ya kwanza, na muuza duka akaniuliza kama nimepata wageni.

Uchafu ulivyokuwa ukitoka, rangi zilifunguka. Koti la mtu mnene lilikuwa jekundu kama damu ya mzee! Mchuzi ulikuwa wa manjano! Nilikuwa nasema peke yangu, "Kumbe! Kumbe na wewe upo!" Kando ya kila mtu palikuwa na vijistari vidogo vya penseli, vimepinda, vingine virefu na vingine vifupi, kama njia za mdudu anayekula karatasi. Nikafikiri ni fundi aliyetangulia aliyejaribu penseli yake, kwani mafundi wengi wana tabia hiyo mbaya. Nikavifuta. Vilivyokuwa vigumu nilivifuta kwa raba. Nilisugua kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua, siku tatu, bila kuinua kichwa, na kusema kweli nilisugua pia kwa sababu nilipokuwa nasugua sikuwa nafikiri kitu kingine. Siku ya tatu jioni picha ilikuwa safi kuliko nilivyopata kuona picha yoyote. Nilijivuna. Niliisimamisha mezani, nikaenda nyumbani nikalala usingizi mzuri.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Rukia alikuja kutazama. Alifurahi, akapiga makofi. Halafu akainama karibu, akaenda huku, akaenda kule.

"Fundi, majina yako wapi?"

"Majina gani?"

"Majina ya babu. Aliwaandikia wote majina kwa penseli. Herufi za Kiarabu. Kila mtu humu ni mtu wa kwetu."

Niliketi chini.

Akanieleza. Mzee Bakari aliinunua picha ile katika bandari moja ya baridi, kwenye duka la vitu vikuukuu, kwa sababu alisema ndiyo picha pekee ya dhoruba iliyosema ukweli. Aliporudi Msambweni aliitundika juu, karibu na dari. Mtu wa familia au jirani akimuudhi au kumchekesha, Mzee aliishusha, akamwandika jina. Halafu akairudisha juu. Watu wote walijua wamo, ila hawakujua ni nani. Kioo kiliingia masizi na hakuna aliyeweza kusoma tena.

"Na Bibi?" nikauliza.

"Bibi alimwuliza miaka yote, mimi ni yupi? Babu akamwambia, utasoma nikifa." Rukia alikuwa anatazama sakafu. "Ndilo analolingojea, Fundi. Kule ndani hana jingine analolingojea."

Yalibaki majina mawili tu upande wa kulia, ambako mkate ulikuwa umeniishia. Hakuna lililokuwa la Bi Mwanaidi.

Ningeweza kumwambia kwamba ukungu uliyala. Mwaka ule ukungu ulikuwa umekula nusu ya picha za pwani hii, na angeniamini. Wazo hilo lilikuja, silikani. Nikamwambia, "Mwalimu, niliyafuta mimi. Nilidhani ni uchafu." Aliondoka bila kuaga, na kwa mtu wa Msambweni kuondoka bila kuaga ni jambo zito.

Bwana Kassim alirudi adhuhuri ile ile. Nilimsimulia yote kabla hajavua viatu.

"Miaka ishirini na mitano!" akafoka. "Miaka ishirini na mitano unakaa nami chumba kimoja, hujui hata alifu!"

"Na wewe miaka ishirini na mitano," nikamwambia, "hukunionyesha."

Sikuwahi kumjibu hivyo. Akavua kofia, akajipangusa kichwa, akaivaa tena.

"Hilo ni kweli," akasema. Halafu akasema, "Tupate majina ya ukoo wao, niandike mimi. Mwandiko wa penseli ni mwandiko wa penseli."

"Utamweka Bi Mwanaidi wapi?"

Akaitazama picha. Akatikisa kichwa. Kumwandika mahali pasipo pake kungekuwa ni kumdanganya mjane kwa maneno ya mumewe, na Bwana Kassim alikuwa mkali lakini hakuwa mtu wa namna hiyo. Akaenda kuswali.

Mimi nilikuwa na kioo kipya cha kukagua kwa ajili ya fremu hiyo hiyo. Mnajua tunavyokagua mikwaruzo: unafunga mlango, unawasha tochi, unailaza mezani ili mwanga upite juu ya kioo kutoka ubavuni, na kila mkwaruzo unasimama. Nikafunga mlango, nikalaza tochi. Mwanga ulipita juu ya kioo, ukaenda ukafika kwenye picha iliyokuwa nyuma yake.

Nikaona mistari.

Nilidhani macho yananichezea. Nikaondoa kioo, nikasogeza tochi. Kando ya yule anayetapika karatasi ilikuwa na mifereji midogo, myembamba kama unywele. Mzee Bakari alikuwa na penseli ngumu na mkono mzito! Mimi nilikuwa nimeondoa weusi, lakini alama ya ncha ilikuwa imebaki ndani ya karatasi. Nilitoka mbio. Nilisimama nje ya msikiti, mimi Mkristo wa Bongwe, na tochi inawaka mchana kweupe, nikamngojea Bwana Kassim atoe salamu.

"Kuna moto?" akauliza.

"Njoo usome!"

Tulijifungia ndani. Jasho lilitutoka. Mimi nilisogeza tochi, yeye alisoma huku pua yake inakaribia kugusa karatasi. "Athumani!" akapaza sauti. "Huyu anayetapika ni Athumani!" Nikaruka. "Huyu mwenye pipa... Shehe... ngoja, sogeza... Shehe Omari! Subhanallah, kweli kabisa, na tumbo lile lile!" Alikuwa anawajua nusu yao. Alicheka mpaka akashika ubavu. Nahodha mwenye darubini nyuma mbele alikuwa karani mmoja wa zamani. Mpishi aliyekimbiza chungu alikuwa Bakari mwenyewe. Majina tisa tuliyasoma, ukihesabu na yale mawili niliyoyasaza. Mawili hayakusomeka. Hayo ndiyo niliyoyapitia kwa raba, na pale karatasi ilikuwa laini kama shavu. Moja lilikuwa la mwanamke mwenye kofia, la pili la mtu aliyeshika ndoo.

Bwana Kassim akainua kichwa. "Mwanaidi simwoni," akasema.

Furaha yote ikatushuka. Mwanamke katika picha nzima alikuwa ni mmoja tu, yule mwenye kofia, na jina lake nilikuwa nimelimaliza kwa raba.

Jumatatu nilikwenda Msambweni na picha, tochi, na moyo mzito. Nilipiga hodi. Rukia alinifungulia, akanitazama, akaniruhusu kuketi sebuleni. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi, una pazia zito, na nyuma ya pazia palikuwa na mtu. Rukia alikaa kati yetu, kama ilivyo desturi, ili maneno yapitie kwake.

"Shikamoo, Bi," nikasema.

"Marahaba." Sauti ilikuwa nene, nikamdhania ni mtu mkubwa sana. "Rukia, mwambie fundi aseme alichokuja kusema."

Nikasema yote. Mkate, raba, siku tatu, tochi, majina tisa, majina mawili. Nikasema, "Ninaogopa lako ni moja katika hayo mawili, Bi, na kosa ni langu peke yangu."

Kisha akauliza, na safari hii hakumpitia Rukia, "Mbona ulisugua hivyo? Mtu husugua hivyo kwa nini?"

"Nilimzika mke wangu mwezi wa pili, Bi. Nilikuwa nataka mikono isikae bure."

"Basi na wewe uko edani," akasema, "ila hawakukufungia ndani. Wangekufungia, picha yangu ingepona."

Rukia akacheka, kisha akaziba mdomo. Mimi sikujua kama nimeruhusiwa kucheka.

"Leteni hiyo picha."

Rukia aliingia nayo, na tochi pia. Nilisikia madirisha yakifungwa. Nilisikia Rukia akifundishwa jinsi ya kushika tochi, kana kwamba yule bibi alizaliwa karakanani: "Ilaze! Ilaze chini, mwanangu, unaninyima mwanga!" Halafu sauti nene ikaanza kusoma, na kila jina lilikuja na kesi yake. "Athumani! Ala! Kaka yangu, alitapika hivyo hivyo siku ya arusi yetu. Shehe Omari, Mungu amrehemu, alikula mbuzi wa hitima peke yake. Huyu nani? Mwalimu wa chuo cha Kurani! Kitabu juu chini! Bakari, wee Bakari, huna haya!" Nje ya pazia mimi nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama.

Akafika kwa mwanamke mwenye kofia.

"Hapa hapana kitu," Rukia akasema polepole.

"Hapana kitu," bibi akarudia. Nilikaa chini tena.

Kisha akasema, "Peleka tochi juu."

"Juu hakuna watu, Bibi."

"Mmetafuta kwa watu. Mume wangu mimi namjua. Peleka juu."

Nikasikia tochi ikikwaruza meza. Nikasikia Rukia akivuta pumzi. Na nyuma ya pazia kikaanza kicheko, kidogo kwanza, kama maji yanayoanza kuchemka, kikapanda, kikapanda, mpaka majirani wakaja dirishani kuuliza kama kuna msiba mwingine.

"Mimi ndiye wimbi!" alikuwa akipiga kelele. "Wallahi mimi ndiye wimbi! Kaniandika mwilini kote, kutoka ncha mpaka chini! Mwanaharamu yule! Miaka arobaini na saba ananiogopa, na asiniambie!" Akacheka, na kicheko kikageuka, nikajua analia, kisha kikarudi kuwa kicheko. Rukia alitoka nje ya pazia machozi yanamtiririka, akanionyesha kwa kidole, bila kuweza kusema, ukubwa wa herufi zile: kiganja kizima. Sisi tulikuwa tumepitisha tochi miguuni mwa watu tu. Hatukuwahi kuipandisha baharini, na mistari mirefu ya penseli kwenye wimbi nilikuwa nimeifuta nikidhani ni masizi.

Vijana, nimetia fremu kazi ngapi sijui. Hakuna siku nyingine niliyotoka kazini nikitembea namna nilivyotembea siku ile mpaka kituoni.

Kabla ya kuondoka nilimwuliza Bi Mwanaidi kama angependa nipitishe penseli juu ya mifereji ile, majina yaonekane tena. Alisema hapana. "Mkono wake ni wake." Jina la mwenye kofia na la mwenye ndoo mpaka leo hayajulikani, na aliyeyapoteza ni mimi. Jirani mmoja anadai mwenye ndoo ni yeye, lakini hana ushahidi.

Wiki ile ile Bwana Kassim alinichorea alifu kwenye kipande cha kadibodi, halafu be, halafu te. Tulikuwa watu wazima wawili, mmoja na mvi na mwingine na miwani, tunaimba herufi kama watoto wa chuoni, na wateja walitucheka. Bwana Kassim tumemzika mwaka huu, nyote mlikuwepo. Jina lake juu ya kibao cha kaburi nililisoma mwenyewe.

Siku Bi Mwanaidi alipotoka eda nilikwenda kuitundika. Niliwakuta wanawake wamejaa uani, nikangoja nje mpaka nilipoitwa. Nilimwona kwa mara ya kwanza. Alikuwa mwanamke mdogo sana, ananifika kifuani. Aliniongoza hadi chumbani, akanionyesha ukuta ulio ubavuni mwa dirisha la mashariki.

"Hapa."

"Bi, hapo si pazuri," nikasema. "Kila asubuhi jua litapita juu yake. Jua hula rangi. Nyekundu itatangulia, kisha manjano, na mwisho hata bluu. Ule ukuta wa pili una kivuli."

"Na kwenye kivuli nitaweza kusoma?"

"Hapana, Bi. Utaona rangi tu."

"Na hapa?"

Nilishika picha ukutani kwa mikono miwili ili apime mwenyewe. Ilikuwa saa mbili, jua liliingia kutoka pembeni. Koti la mtu mnene liliwaka. Na juu yake, kwenye wimbi, herufi zilianza kuinuka. Nilizisoma pamoja naye, polepole, mim ya jina lake kwanza.

"Hiyo nyekundu," akaniuliza, "itachukua miaka mingapi kwisha?"

"Kumi, Bi. Labda kumi na mitano."

"Mimi nina sabini na sita." Akarudi nyuma hatua moja, akaitazama picha kama mtu anayempima mpinzani wake. "Basi mimi na hiyo nyekundu tutaona nani atatangulia. Pigilia, mwanangu."

Nikapigilia.